Mzigo wa Mstari wa Kwanza

Taarifa kutoka ghala la uwanja wa ndege ilimkuta Inspekta Delmira Grenald kwenye kibanda cha vitafunio, saa mbili asubuhi, ana carimañola, kitumbua cha muhogo chenye nyama, ya moto mkononi na mafuta yanamtiririka kuelekea kwenye kiwiko. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Aliisoma kwenye simu, akameza, akaisoma tena. Shehena ya jana: vilivyoandikwa kwenye orodha, vifurushi mia sita na kumi na mbili. Vilivyopokelewa, mia sita na kumi na moja.

"Mama, mbona umeganda hivyo? Imeungua?" aliuliza muuza vitafunio.

"Imeiva vizuri tu. Iliyoungua ni kesi yangu."

Kesi yenyewe ilikuwa imekwisha, au ndivyo kila mtu alivyodhani. Tangu tarehe ishirini na tano Septemba, siku ambayo kampuni ya usafirishaji ya Escartín ya hapo Colón ilitupa stoo madaftari yake na kuanza kuandika shehena kwa kompyuta, kifurushi kimoja kilikuwa kinapotea kila siku ya kazi. Hakikupotea zaidi, hakikupotea pungufu. Alhamisi asubuhi polisi walifungua kabati la mpakiaji mkuu, Eustorgio Tuñón, wakakuta humo kifurushi kimoja kati ya vile vilivyopotea, kimeviringishwa ndani ya fulana yake ya kazi. Wakamtia ndani. Na Alhamisi hiyohiyo mchana, mtu akiwa nyuma ya nondo, kikapotea kingine.

Saa kumi jioni Tuñón alikuwa apandishwe mbele ya hakimu. Baada ya hapo zilikuwa zinaanza sikukuu za taifa na mahakama zingefungwa karibu wiki nzima. Mzee wa miaka hamsini na nane akipelekwa gereza kuu leo, ngoma zote za Novemba atazisikilizia huko. Delmira alikuwa amewapeleka watu wengi kule na alijua hali wanayorudi nayo, wale wanaorudi. Alijifuta mikono, akaenda mahabusu kwanza.

"Umekula, mzee?"

"Chai tu, afande."

"Jana kimepotea kingine."

Tuñón aliinua kichwa. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, na mikono ambayo haikujua pa kukaa ikikosa cha kubeba. "Kingine? Na mimi niko huku?"

"Bosi wako, yule injinia, anasema una mwenzako huko nje."

"Huyo injinia nilimbeba mgongoni akiwa na miaka minne. Alikuwa ananikojolea." Alitaka kucheka, kicheko hakikuja. "Sina mwenzangu, afande. Miaka ishirini na miwili pale sijachukua hata gundi."

"Kifurushi kilikuwa kabatini kwako."

"Niliambiwa. Mimi nilikiona mlipokitoa nyinyi."

"Zile siku thelathini kabla hatujakukamata, zote ulikuwa kazini?"

Hapo aliivuta miguu nyuma. "Nilikuwepo."

"Zote?"

"Mfumo unasema nilikuwepo, si ndiyo? Basi nilikuwepo."

Delmira alitazama chini. Viatu walishamvua kwa ajili ya kamba zake. Ngozi nene ya visigino ilikuwa inabanduka pande zote mbili, na chini yake kulikuwa na ngozi changa, nyekundu. Hakumuuliza. Alitoa kijitabu akaandika neno moja: visigino.

*

Abdiel Escartín, injinia, mjukuu wa mwanzilishi, alimpokea mlangoni mwa ghala akiwa na shati lililonyooka kana kwamba halijawahi kukaliwa. Alikuwa amerudi kutoka masomoni Monterrey mwaka uliopita. Nje, bendi ya shule ilikuwa inafanya mazoezi ya gwaride, na kila aliposema jambo muhimu ngoma zilimmeza, akalazimika kulirudia.

"Zamani, afande, karani wetu Bi Ofelia alikuwa anaandika kila kifurushi kwa mkono, nakala tatu, karatasi ya kaboni. Lori linasubiri masaa matatu. Dereva anahesabu, anakosea, anaanza upya. Vifurushi mia sita kwa siku! Sasa tazama." Alibonyeza kitufe. Mashine ikatema karatasi moja yenye alama nene ya mistari myeusi juu kabisa. "Dereva anaskani hii mara moja. Pii! Shehena yote imekabidhiwa. Sekunde mbili."

"Na nani anavihesabu?"

"Havina haja ya kuhesabiwa. Vimeshaandikwa."

"Sikuuliza kama vimeandikwa, injinia."

"Vinahesabiwa kule uwanja wa ndege, kimoja kimoja, na mashine."

"Kwa hiyo kuanzia mezani kwa Bi Ofelia mpaka uwanja wa ndege hakuna mtu anayesoma kifurushi kimoja kimoja."

"Yupo mpakiaji. Anaskani toroli. Toroli moja lina vifurushi arobaini. Akiliskani, mfumo unajua vyote arobaini vimepanda lori. Yeye ndiye mtu wa mwisho kuvigusa, na ndiyo maana nawaambia kila siku ni yeye."

"Jana alikuwa kwetu."

"Basi ana mwenzake!" Sauti ilipanda, na safari hii ngoma hazikumsaidia. "Sikiliza, afande. Tarehe kumi na mbili wanakuja wageni, kampuni tatu kubwa, wanataka kuuziwa mfumo huu. Niwaambie nini? Kwamba unakula kifurushi kimoja kwa siku? Mfumo hauna mfuko. Watu ndio wenye mifuko. Na watu wenyewe ndio hawa! Tarehe ishirini na moja, Siku ya Nazareno, na wote wanataka kwenda kuhiji Portobelo, nilitangaza hakuna ruhusa, atakayekosekana asirudi. Nusu yao wakaugua asubuhi ileile. Homa, tumbo, mwingine bibi yake amekufa kwa mara ya tatu. Ilibidi nivue koti nipakie lori zima peke yangu, kwa mikono hii."

Akaionyesha. Ilikuwa mikono laini, yenye kucha safi. Delmira aliitazama kwa heshima zote.

"Pole sana. Naomba orodha za siku zote thelathini na moja, zichapishwe. Na namba za vifurushi vilivyopotea."

"Zimo kwenye mfumo."

"Mimi ni mtu wa karatasi."

Zilipochapishwa aliona namba, uzito na toroli. Mahali pa jina la mpokeaji palikuwa na nyota tu, mstari baada ya mstari.

"Majina yako wapi?"

"Yamefichwa. Huo ndio usalama wa kisasa, afande. Anayeona namba haoni jina."

"Wewe unaweza kuyafungua?"

"Naweza, kifurushi kimoja kimoja. Lakini jina la mnunuzi linahusiana nini na mwizi?"

Hilo Delmira alikuwa bado hajui.

*

Nje, mlangoni pa kupakilia, dereva Rolo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori lake anakunywa chicheme, kinywaji cha maziwa na mahindi, kwa mrija.

"Afande, kama umekuja kunikamata na mimi, subiri nimalize. Mahindi yako chini kabisa."

"Maliza taratibu. Toroli la kwanza linakaa wapi humu?"

"Namba moja? Linaingia kwanza, linakwenda mpaka mwisho, linagusa ukuta wa kichwa cha lori. Halafu la pili, la tatu, mpaka la kumi na sita mlangoni."

"Ukitaka kitu kilichomo kwenye la kwanza?"

"Nashusha kumi na tano. Mimi mwenyewe, na mgongo huu? Na mlango una lakiri yenye namba. Ikikatika tu, kule hawapokei."

"Imewahi kukatika?"

"Hata siku moja. Waulize." Alivuta mrija. "Mtu akitaka kuniibia, ataiba cha mlangoni, kama watu wenye akili timamu."

Delmira aliingia kwenye kantini ya ghala, akaomba kahawa na rula. Kahawa ilikuja haraka, rula ikachukua robo saa. Kisha akafanya kazi ambayo mfumo ungeifanya kwa sekunde mbili, kama kuna mtu angeuomba: alichukua kila namba ya kifurushi kilichopotea, akaitafuta kwenye orodha ya siku yake, akaipigia mstari kwa kalamu ya risasi.

Tarehe ishirini na tano Septemba: mstari wa kwanza. Ishirini na sita: mstari wa kwanza. Ishirini na saba: wa kwanza. Alipofika Oktoba aliacha kushangaa akaanza kukasirika, maana watu watatu wenye vyeo walikuwa wamepitia faili lile kabla yake, yeye akiwa mmojawapo, na wote walikuwa wamesoma namba bila kuuliza zimekaa wapi. Kila kilichopotea kilikuwa cha mstari wa kwanza, toroli la kwanza, ndani kabisa ya lori, nyuma ya matoroli kumi na tano na lakiri moja. Na vyote vilikuwa na uzito mmoja: gramu mia.

Abdiel alipita na simu sikioni, akachungulia mezani. "Gramu mia! Umeona? Saa, vidani, vitu vya kuingia mfukoni. Anajua anachochagua."

"Anachagua kile kilicho mbali kuliko vyote."

"Anakitoa kabla ya kupakia, basi."

"Toroli la kwanza linajazwa mbele ya Bi Ofelia, chini ya kamera yako. Umetazama kamera?"

"Siku zote. Haonekani mtu akitoa kitu."

"Anaonekana mtu akikiweka?"

Abdiel akasema simu ni muhimu, akaondoka.

Siku moja tu ilikataa kufuata mkondo. Tarehe ishirini na moja Oktoba, mstari wa kwanza ulikuwa kifurushi cha kilo mbili na nusu, na kilifika salama. Kilichopotea siku hiyo kilikuwa cha mstari wa mia mbili na kumi na nne, toroli la sita, kilo moja na gramu mia tisa. Delmira hakuhitaji kuangalia namba yake mara mbili. Ndicho kile kilichokutwa kabatini kwa Tuñón.

*

Chumba cha Bi Ofelia Molinar kilikuwa na dirisha dogo, kompyuta mpya ambayo bado ilikuwa na plastiki kwenye kioo, na ukutani picha ya Nazareno wa Portobelo, Yesu aliyebeba msalaba, amevaa joho la zambarau. Bi Ofelia alikuwa na miaka sitini na tatu. Aliandika kwa vidole viwili, lakini kwa kasi ya kutisha.

"Karibu, mwanangu. Eustorgio amekula?"

"Chai tu. Bi Ofelia, mstari wa kwanza wa orodha ni mzigo wa nani?"

"Wa Nazareno," alisema, kama mtu aliyeulizwa leo ni siku gani.

Delmira alivuta kiti. "Hebu nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Mama yule aliinuka, akavuta kutoka chini ya meza daftari kubwa lenye jalada lililooza pembeni. Alikuwa ameliokoa stoo. Alilifungua popote pale. Ukurasa umejaa majina na uzito kwa wino wa bluu, ila mstari wa juu kabisa ulikuwa na msalaba mdogo na hakuna kingine. Akafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Kila mmoja ulianza vilevile.

"Marehemu Mzee Eulogio, babu yake huyu injinia, alianza na lori moja. Akasema mzigo wa kwanza ni wa Nazareno, hauna uzito wala bei, ila ndio unaotangulia njiani. Tangu mwaka sabini na moja hakuna ukurasa ulioanza bila yeye. Mimi nikaukuta, nikauendeleza."

"Na kompyuta ilipokuja?"

"Afande, ile mashine ina kiburi! Niliacha mstari mtupu, ikakataa. Nikaweka msalaba, ikasema kosa. Nikaandika jina, ikadai anwani. Nikaandika Portobelo, ikadai uzito. Sasa uzito wa Nazareno nitaujulia wapi mimi? Nikaweka gramu mia, ndiyo ndogo kuliko zote inazokubali. Ikanyamaza."

"Ikatoa lebo?"

"Kila siku. Lakini lebo ya kubandika wapi? Sasa siwezi kuitupa, ina jina lake." Alifungua droo, akatoa kifungu cha lebo kilichofungwa kwa utepe wa zambarau.

Delmira alizihesabu. Thelathini. Akaweka orodha yake ya vifurushi vilivyopotea kando ya lebo, akapitisha rula chini ya namba moja moja mpaka mwisho. Bi Ofelia alikuwa anafuata rula ile kwa macho. Alikuwa karani wa shehena kwa miaka thelathini na minne, hakuhitaji kuelezwa.

"Ndivyo hivi vilivyopotea?"

"Ndivyo hivi."

"Waliniambia vimeibiwa. Hakuna aliyenionyesha namba." Alijitazama vidole. "Mungu wangu! Nimemfunga Eustorgio. Nimemfunga kwa vidole hivi hivi viwili!" Akalia pale pale, kwa sauti, bila kujificha, na mtu wa foklift akachungulia dirishani akaondoka haraka.

Delmira alimwacha alie kidogo. Saa ilikuwa inakaribia tisa. Kisha akamsogezea leso.

"Hivi thelathini ni vyako, Bi Ofelia. Lakini kipo kimoja ambacho si chako. Tarehe ishirini na moja Nazareno hakuwekwa mstari wa kwanza."

"Sikuwepo. Nilikwenda Portobelo. Nina nadhiri ya miaka, hata injinia alishindwa kuninyima. Orodha ya siku ile aliifunga yeye mwenyewe."

"Ulitembea?"

"Kutoka Sabanitas. Miguu yangu haijapona mpaka leo."

"Na Tuñón visigino vyake havijapona mpaka leo," alisema Delmira.

Bi Ofelia alikunja leso mara mbili, akaikunjua. "Niliapa sitasema. Angefukuzwa kazi."

"Bi Ofelia, saa kumi anakwenda gerezani."

Mama yule alitoa simu yake kwenye mkoba, akasogeza picha kwa kidole, akampa. Barabara ya María Chiquita, jua kali, umati wa watu wamevaa zambarau. Katikati, Eustorgio Tuñón, peku, joho limemfika magotini, anakunywa maji kwenye chupa na kukunja uso kwa ajili ya jua. Chini ya picha: tarehe ishirini na moja Oktoba, saa nane na dakika arobaini mchana.

"Aliingia alfajiri, akajiandikisha kwenye kile kifaa chake cha kuskani, akakiacha kwenye chaja, akatokea geti la nyuma," alisema Bi Ofelia. "Alifikiri mwenzake angemshikia zamu. Kumbe wenzake nao wote wameugua."

*

Abdiel alikuwa ofisini kwake, anapanga viti kwa ajili ya wageni ambao bado walikuwa wiki mbili mbali. Delmira alifunga mlango.

"Tarehe ishirini na moja nani alipakia lori?"

"Nimeshakwambia. Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Delmira aliweka karatasi mezani. "Mfumo unasema toroli la sita liliskaniwa saa nane na dakika hamsini na mbili, kwa jina la Eustorgio Tuñón."

Kiti kilibaki mkononi mwa Abdiel. "Basi alikuwepo. Nilisema peke yangu kwa... unajua mtu anavyosema."

Delmira akaweka simu ya Bi Ofelia juu ya karatasi. "Dakika kumi na mbili kabla, alikuwa hapa, María Chiquita. Kutoka hapo mpaka kwenye ghala lako ni zaidi ya nusu saa kwa gari, siku ambayo barabara haina mahujaji. Siku ile ilijaa mahujaji. Kwa hiyo chagua, injinia. Kama ulipakia peke yako, kifaa cha Tuñón kilikuwa mkononi mwako. Kama hukupakia, ulinidanganya asubuhi bila mtu kukuuliza."

Nje, bendi ya shule ilikuwa imeshakwenda kula.

"Toroli la sita ndilo lililokuwa na kifurushi tulichokikuta kabatini," aliendelea Delmira. "Kabati halikuvunjwa. Funguo za akiba ziko wapi?"

Abdiel aligeuza kichwa nyuma kabla hajajizuia. Ubao wa funguo ulikuwa ukutani nyuma yake, kila moja na namba yake.

"Ulijua hayupo. Ulitangaza atakayekosekana asirudi, na yeye hukumfukuza. Ulimweka akiba."

"Nilijua ni yeye!" Abdiel aliweka kiti chini kwa nguvu. "Kila mtu alijua! Kifurushi kimoja kila siku, mwezi mzima, na nyinyi polisi mnakuja mnaandika mnaondoka. Nani mwingine angekuwa? Mwizi yupo, ushahidi hakuna. Mimi nimesaidia ushahidi tu. Sikumsingizia wizi, afande. Wizi ulikuwepo."

Delmira alifungua utepe wa zambarau, akazipanga lebo juu ya meza yake, safu tatu za kumi kumi. Ilichukua muda, na hakuharakisha.

"Fungua jina la mpokeaji. Ulisema unaweza. Anza na yoyote."

Abdiel aliandika namba ya kwanza. Nyota zikaondoka. J. Nazareno, Portobelo. Akaandika ya pili. Akaandika ya tano. Baada ya hapo aliacha kuandika, akabaki anazitazama zile lebo.

"Hiki ni kitu gani?"

"Babu yako. Mstari wa kwanza wa kila ukurasa tangu mwaka sabini na moja. Ungefungua daftari moja kabla ya kuyatupa stoo, ungeuona. Mfumo wako haukukosea, injinia. Uliambiwa upo mzigo, ukaamini. Dereva akaskani karatasi, akaamini. Watu wa kwanza kutafuta mzigo wenyewe walikuwa wa uwanja wa ndege, nao hawakuukuta, kwa sababu haupo."

"Kwa hiyo hakukuwa na mwizi?"

"Hakukuwa naye. Mpaka ulipomtengeneza mmoja."

Abdiel alikaa kwenye kimojawapo cha viti vya wageni wake. Alionekana mdogo ghafla, na Delmira akamhurumia kwa muda usiofika dakika. Kisha akamkumbuka mzee wa watu na chai yake ya asubuhi, huruma ikaisha.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza Abdiel.

"Hakimu atajua saa kumi. Vaa koti, tunakwenda wote."

Walipopita mlangoni kwa Bi Ofelia, alikuwa anafunga orodha ya siku ile. Aliinua macho mekundu. "Afande, na leo? Nimwache nje?"

"Mwandike kwa kalamu, pembeni mwa karatasi."

"Mashine itakubali?"

"Mashine haioni kalamu."

*

Hakimu alichukua dakika ishirini kwa Tuñón, na muda mrefu zaidi kwa Abdiel. Saa kumi na mbili kasoro, simu ya Delmira ililia kwenye korido. Uwanja wa ndege: vilivyoandikwa, mia tano themanini na nane, vilivyopokelewa, mia tano themanini na nane. Aliirudisha mfukoni.

Tuñón alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi, bahasha ya vitu vyake mapajani, anarudisha kamba kwenye viatu tundu kwa tundu. Delmira akakaa kando yake.

"Ungesema tangu mwanzo kwamba siku ile hukuwepo, ungelala kwako."

"Ningelala kwangu bila kazi, afande. Nani ataajiri mpakiaji wa miaka yangu?"

"Ulikwenda kuomba nini mpaka visigino vikaisha?"

Alivuta kamba, akaifunga, akaifungua tena. "Nilishaona wananitazama vibaya. Ukipita, watu wananyamaza. Nilimwomba Nazareno kitu kimoja tu. Nilimwambia, baba, wewe unaona kila kitu, nionyeshe anayevichukua hivi vifurushi kila siku."

Delmira alikuwa amebakiza lebo moja mfukoni. Akampa. Tuñón aliisogeza mbali kidogo na macho, akaisoma kimya, halafu akaisoma kwa sauti, jina na anwani na gramu mia. Delmira akamweleza yote, kwa maneno machache, kuanzia kiburi cha mashine.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yale makubwa yakaanza kutikisika, na Delmira hakujua kama anacheka au analia mpaka alipoinua uso, na alikuwa anafanya yote mawili.

"Afande," alisema, akijifuta kwa mkono wenye kamba ya kiatu, "yaani nimetembea siku nzima, peku, kwenda kumshtaki kwake mwenyewe!"